MGB Yangu ya Bampa Nyeusi na Injini ya Silinda Nane

Muuzaji alinitazama kwa mshangao nilipomwomba ruhusa ya kulitia gari jeki kabla hata sijafungua boneti. Lilikuwa MGB GT la mwaka 1975, gari dogo la michezo la kampuni ya MG ya Uingereza, lenye paa la chuma na bampa kubwa nyeusi mbele na nyuma, na rangi yake ya kijani ilikuwa imepakwa upya mara moja au mbili na mtu asiye na subira. Niliweka jeki mahali palipotengwa na kiwanda, ubavuni chini ya mlango, nikainua upande huo hadi magurudumu yakaachana na ardhi, kisha nikajaribu kufungua mlango. Uligoma. Nilipolishusha gari, ukafunguka kwa ulaini kana kwamba hakuna lililotokea. Muuzaji akasema bawaba zinahitaji grisi kidogo, nami nikamjibu kwamba bawaba hazina kosa lolote, na kuanzia hapo mazungumzo yetu ya bei yakachukua mwelekeo mwingine.

Jaribio hilo ni la zamani na ni nadra kudanganya. MGB, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, haina chesisi ya kujitegemea kama ile ya MGA iliyoitangulia. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na sehemu kubwa ya ugumu wake hutoka katika vizingiti viwili vinavyopita chini ya milango. Vizingiti vikiliwa na kutu, gari hujipinda linapoinuliwa na mlango hubanwa ndani ya fremu yake. Nililinunua nikilijua hilo, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine katika gari hilo ambalo nililitaka sana, na ambalo wapenzi wengi wa MGB hulidharau.

Jambo lenyewe ni hizo bampa nyeusi, au tuseme kile kilichokuja pamoja nazo. Mwishoni mwa 1974, ili kutimiza masharti mapya ya usalama ya Marekani, ambako MGB nyingi zilikuwa zikiuzwa, kiwanda cha MG huko Abingdon kiliondoa bampa nyembamba za kromu, kikaweka bampa nene za plastiki iliyofunika chuma, na kikaliinua gari kwa takribani sentimita 4. Sura iliharibika na tabia ya gari kwenye kona ikaharibika pia, na wapo ambao hawajasamehe hadi leo. Ndiyo maana magari hayo huuzwa kwa bei ndogo kuliko ndugu zao wenye kromu. Hata hivyo, kuanzia wakati huohuo bodi zote za MGB, hata zile za silinda nne, zilitengenezwa zikiwa na chumba kimoja cha injini, kile ambacho mafundi wa Abingdon walikuwa wamekipanua kwa ajili ya injini ya V8, yaani ya silinda nane katika safu mbili. Mwenye gari la kromu la miaka ya 1960 anayetaka kuweka V8 hana budi kukata na kugonga chuma chake, lakini mwenye gari la bampa nyeusi hukuta nafasi ikimsubiri. Nilikuwa nimejiwekea sharti moja kabla ya kununua chochote: kila nitakachofanya kiweze kurudishwa na atakayelimiliki gari hili baada yangu. Sharti hilo lilinichagulia gari.

Injini yenyewe ilikuwa na safari ndefu kabla ya kufika Abingdon. Ilizaliwa Marekani katika kampuni ya Buick, ikatoka na magari ya 1961, ikiwa na ujazo wa lita 3.5 na bloku na hedi zake zote za alumini. Buick waliiacha baada ya 1963, kwa kuwa ilikuwa ghali kutengeneza na ufundi wa kusubu bloku nyembamba za chuma ulikuwa umeshapiga hatua. William Martin-Hurst, aliyekuwa mkuu wa Rover, kampuni ya magari ya Uingereza, aliiona katika kiwanda cha Mercury Marine huko Marekani, na mwaka 1965 Rover wakapata haki za kuitengeneza wao wenyewe. Waliiweka katika P5B mwaka 1967, katika P6 mwaka uliofuata, kisha katika Range Rover ya 1970. Aliyewatangulia Abingdon kuitia ndani ya MGB ni Ken Costello, dereva wa mbio, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akiuza magari aliyoyabadilisha, mengi yakiwa na nundu kwenye boneti ili kabureta zipate nafasi. Kiwanda kilipofuata mwaka 1973, wahandisi wake walizisogeza kabureta mbili nyuma kabisa ya injini na boneti haikuguswa. Miezi michache baadaye bei ya mafuta ikapanda duniani, na ilipofika 1976 uundaji ukasimamishwa baada ya magari 2,591 tu, yote ya paa la chuma.

Ninaposimulia haya sikusudii kujitetea tu mbele ya wanaodai kwamba nimeiharibu MGB, ingawa nakiri kwamba yananisaidia. Kuna somo jingine ambalo Abingdon walilipata kwa machungu. Mwaka 1967 walikuwa wameshajaribu kuliongezea gari hilo nguvu kwa injini ya silinda sita ya lita 2.9, wakaliita MGC. Injini hiyo ya chuma ilizidi ile ya silinda nne kwa zaidi ya kilo 90, na kilo zote hizo zilikaa juu ya magurudumu ya mbele. Waandishi walilalamika kwamba gari lina pua nzito na halitaki kugeuka, na baada ya takribani magari 9,000 likaachwa mwaka 1969. V8 ya alumini haina dhambi hiyo. Mafundi hubishana kama ni nyepesi kidogo au nzito kidogo kuliko ile ya silinda nne ukishahesabu kabureta, alterneta na mabomba yake, lakini ubishi wenyewe unaonyesha jinsi tofauti ilivyo ndogo. Anayebadilisha injini ya gari la michezo aanze na mizani kabla ya kuangalia idadi ya farasi.

Watu hudhani kwamba kazi kubwa ilikuwa injini. Bodi ilinichukua miezi 14 ya jioni na siku za mapumziko. Injini haikufikia hata nusu ya muda huo.

Kosa ambalo wengi hulifanya ni kukata kizingiti kilichooza gari likiwa limening'inia mahali popote, kisha kuchomelea kipya juu ya bodi iliyokwisha kujipinda. Kwa hiyo niliweka stendi chini ya sasipensheni ya mbele na chini ya ekseli ya nyuma, ili uzito ukae kama unavyokaa barabarani. Niliacha milango yote miwili mahali pake, nikafunga fremu ya mabomba ya mraba kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma ya kila mlango, na nikajiapiza kwamba sitagusa upande wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza. Bamba la nje lilipotoka, nilikuta tope kavu la miaka mingi, vipande vya zulia, na kiota cha panya ambaye inaonekana aliishi vizuri kuliko wamiliki wote waliotangulia. Kizingiti cha MGB si bamba moja. Kuna la nje, la kati na la ndani, na chini yake yote hupita boriti iliyokunjwa kwa meno kama ukingo wa ukuta wa ngome, ambayo mafundi wa Uingereza wameipa jina kwa umbo hilo. Tope linalorushwa na gurudumu la mbele hujikusanya nyuma ya mbawa, hukaa na unyevu, na kutoka hapo kutu hushuka katika tabaka zote kwa utulivu, huku rangi ya nje iking'aa.

Kuna njia ya mkato, nayo ni halali. Tangu 1988 British Motor Heritage wamekuwa wakitengeneza bodi mpya kamili za MGB, wakitumia sehemu kubwa ya vifaa vya kukandamizia chuma vilivyotumika zamani. Ningeweza kununua bodi nzima, nikahamishia vitu vyangu, na pengine ningemaliza mapema. Nilikataa kwa sababu moja ambayo sijui kama itamshawishi mtu mwingine: nilikuwa naondoa injini, giaboksi na difu ya gari hili, na kama ningeondoa na bodi pia, kingebaki nini cha kuitwa gari la 1975 isipokuwa karatasi zake? Kwa mtazamo wangu injini ni kitu cha kuvaa na kuvua, lakini bodi ndiyo mwili. Basi nikanunua mabamba ya vizingiti peke yake, nikatoboa kila nukta ambayo kiwanda kilichomelea, nikapaka rangi ya zinki katika nyuso zitakazogusana, na kuanza kuchomelea kwa kujaza matundu, moja hapa na jingine mbali, ili joto lisikusanyike na kukunja bamba.

Baada ya kila matundu matano nilifunga mlango na kupima mwanya wake kwa kipande kilekile cha plastiki. Upande wa kushoto ulinitii. Upande wa kulia, nilipokuwa karibu kumaliza, mwanya wa juu nyuma ya mlango ulikuwa umepungua kwa milimita 2. Nililiacha gari kwa juma zima nikijiambia kwamba hakuna atakayeona, kisha nikachukua mashine ya kukatia na kuibomoa kazi ya siku tatu. Fremu yangu ya mabomba ilikuwa na bolti moja iliyolegea. Mwishoni nilipuliza nta ya moto ndani ya kila uwazi hadi ikachuruzika katika matundu ya kutolea maji, na harufu yake ingali ndani ya gari siku za jua kali.

Injini niliitoa katika Rover SD1 iliyokuwa imekatwa kwa vipuri. Injini za SD1 zina mgandamizo wa 9.35 kwa 1 na zilitoa takribani nguvu farasi 155, ilhali ile ya silinda nne ya cc 1,798 niliyoikuta katika gari langu haikufikia 100 hata ilipokuwa mpya. Nilipofungua vifuniko vya valvu nilikuta matope meusi mazito kama lami. Huo ndio ugonjwa wa V8 hii: tapeti zake, vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili valvu zifunguke, ni za haidroli, zina njia nyembamba za oili, na mwenye gari anayechelewa kubadilisha oili huziba njia hizo bila kujua, kisha kamshafti huanza kulika. Vinundu vyake viwili vilikuwa vimeviringana kama kokoto. Krankshafti, kwa bahati, ilikuwa ndani ya vipimo.

Hapa ndipo nilipopata hasara kubwa kuliko zote. Nilipeleka hedi mbili katika karakana moja ya kukereza ili zisafishwe na kusawazishwa, nikaeleza kwamba ni za alumini, na nikaandika hivyo kwenye karatasi waliyonipa. Mtu fulani alizitumbukiza katika tangi la kostiki moto, ambalo kazi yake ni kuvua mafuta na kutu katika chuma. Kostiki hula alumini. Hedi zilirudi zikiwa na uso wa kijivu uliojaa vishimo, na nyuso za gasketi zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba kuzisawazisha kungeondoa alumini nyingi mno. Walinirudishia pesa ya usafishaji tu. Bloku ilikuwa bado gerejini kwangu kwa sababu sikupata mtu wa kunisaidia kuibeba siku ile, na kwa uvivu huo ikapona.

Nilitafuta hedi nyingine na kuzisafisha mwenyewe kwa mafuta ya taa na brashi. Wakati wa kuunga, mambo mawili yalinihitaji utulivu. La kwanza ni bolti za hedi. Kila hedi ya injini za kipindi hicho hushikwa na bolti 14, na safu ya nje ya bolti nne, ikikazwa sana, huelekea kuinamisha hedi na kulegeza upande wa ndani. Rover wenyewe baadaye walibaki na bolti 10. Mimi nilizifunga nne hizo kwa nguvu ndogo tu, kama wafanyavyo wengi waliokwisha kuumia. La pili ni pampu ya oili, ambayo imo ndani ya kifuniko cha mbele. Ikikaa kavu haiwezi kuvuta oili kutoka kwenye sampu, hivyo gia zake lazima zijazwe vaselini kabla ya kufungwa. Anayesahau kijiko kile cha vaselini anaweza kuzisaga beringi zake zote katika dakika za kwanza.

Injini ilipokuwa tayari, nilianza kulipa madeni yake mengine, maana injini kubwa haiingii peke yake. Nilichukua giaboksi ya gia tano ya SD1 iliyotoka na injini hiyo, na handaki la katikati ya sakafu likawa jembamba kidogo kwake. Nilipiga nyundo sehemu mbili. Hiyo ndiyo mara pekee niliyovunja sharti langu, na nimejitetea moyoni kwamba chuma kilichobonyezwa kinaweza kubonyolewa. Propela shafti ilibidi ikatwe kwa kipimo kipya, kwa hiyo nikatengenezewa nyingine na ile ya zamani nikaihifadhi. Katika ekseli ya MGB ya silinda nne, propela huzunguka mara 3.9 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na kwa V8 hilo lingefanya injini ipige kelele bure kwenye barabara kuu. Magari ya kiwandani ya V8 yalitumia 3.07, nami nikatafuta ekseli kamili ya uwiano huo badala ya kufungua yangu. Diski za breki za mbele niliweka zile nene pamoja na kalipa zake kubwa, kama kiwanda kilivyofanya. Radieta ikasogea mbele, na mbele yake nikafunga feni mbili za umeme.

Mabomba ya ekzosti yalinipa usiku mwingi wa kuchora. MG RV8, gari la wazi lililotoka mwaka 1993 likiwa na mwendelezo wa injini hiihii, hupitisha mabomba yake katika matundu yaliyokatwa kwenye kuta za ndani za mbawa, na wengi wanaobadilisha injini siku hizi hukata matundu hayohayo kwa sababu joto hutoka vizuri na injini hupumua. Ni njia bora kiufundi, na sina la kubisha. Lakini tundu la ukubwa wa sahani katika ukuta mzima wa chuma ni jambo ambalo siwezi kulirudisha, kwa hiyo nikakunjiwa mabomba mafupi yanayokumbatia bloku na kushuka chini. Kati ya bomba la upande wa usukani na shafti ya usukani ilibaki nafasi ya upana wa kidole. Chumba cha injini huwa na joto kali kwenye foleni, na hiyo ndiyo gharama ya msimamo wangu.

Kwa upande wa sheria sikuwa na mengi. Nilitoa taarifa ya namba na ujazo mpya wa injini ili hati ya usajili irekebishwe, na bima ikaambiwa kila kitu. Hapa Uingereza, tangu Mei 2018, gari lililopita miaka 40 na ambalo halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Sikutaka kubishana na mtu kama la kwangu limebadilishwa au la; nalipeleka ukaguzini kila mwaka, na nadhani mtu aliyeongeza nguvu ya gari kwa zaidi ya nusu angefanya hivyo hata asipolazimishwa.

Siku ya kuliwasha, nilitoa distributa na kuizungusha pampu ya oili kwa drili hadi geji ikapanda. Kamshafti mpya haitaki kuachwa ingurume taratibu. Hutakiwa kushikiliwa kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, kwa takribani dakika 20 tangu mwako wa kwanza, ili vinundu na tapeti vizoeane. Niligeuza ufunguo, pampu ya petroli ikaanza kugonga tik tik tik nyuma ya gari, kisha ikanyamaza kabureta zilipojaa. Injini ilishika upesi, lakini kwa mlio wa mtu anayechechemea. Sikuthubutu kuizima. Rafiki yangu alishikilia pedali ya mafuta huku mimi nikifuata waya za plagi kwa macho. Mpangilio wa mwako wa injini hii ni 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2, na silinda ya 5 na ya 7 zimekaa jirani upande mmoja na huwaka moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimezifunga waya zao pamoja kwa unadhifu, zikiwa sambamba kwa urefu wote, na umeme wa moja ulikuwa ukiamsha nyingine kabla ya wakati wake. Nilizitenganisha kwa kijiti kikavu cha mbao. Mchechemeo ukakoma, na dakika 17 zilizobaki zikapita tukiwa tumesimama tu tunasikiliza.

Barabarani, kilichonishangaza si kasi. Gari la silinda nne huomba gia kila mara unapopanda mlima au kumpita mtu. Hili halina haja hiyo, huondoka kutoka mwendo mdogo katika gia ya nne bila kelele, kana kwamba linasukumwa na mkono. Usukani una uzito uleule niliouzoea. Mgandamizo wa oili huonekana mdogo kwenye geji, na miezi ya kwanza nilikuwa nikiutazama kuliko barabara, hadi nilipokubali kwamba injini hii kwa maumbile yake huishi na mgandamizo mdogo. Bampa nyeusi bado zipo. Nimelishusha gari kwa springi fupi, na sasa hata zile bampa nimeanza kuzipenda, ingawa sisemi hivyo mbele ya wenye kromu.

Injini ya zamani imekaa pembeni mwa gereji juu ya fremu ya mbao, na karibu yake ipo ekseli, radieta na propela, kila kitu kikiwa na lebo na bolti zake katika mfuko. Kila baada ya miezi miwili natia matone ya oili katika matundu ya plagi na kuizungusha nusu mzunguko kwa spana. Mwezi uliopita ilikataa kuzunguka. Niliongeza oili katika silinda ya 3, nikaiacha usiku kucha, na asubuhi ikazunguka.